Mlingoti wa Fundi Cherehani

Dirisha la chumba cha cherehani limenyamaza. Kwa miaka minne, kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waliopita kichochoroni kwenda kazini walisikia sauti ya mwanamke ikisema, taratibu kama anayehesabu vifungo, "Kilima Nne, Kilima Nne, hapa Nyumbani, ova." Kisha mkwaruzo. Kisha ukimya, ambao baadhi ya wapita njia walisimama kuusubiri uishe bila kujua kwa nini wamesimama, mpaka sauti ya mwanamume iitike. Siku hizi hakuna wa kusubiriwa, lakini watu wakifika pale bado hupunguza mwendo.

Mwenye sauti hiyo, fundi wa kushona, hakuwa mtu wa mitambo. Hata pasi aliichomeka kwa mkono uliofungwa kitambaa. Lakini mumewe alikuwa mlinzi wa msitu huko juu kilimani, ambako simu hazishiki, na kiangazi kimoja aliteleza korongoni, akavunjika mguu, akalala huko siku mbili kabla ya kuonekana. Siku mbili hizo mkewe alishona sare za shule, akataniana na wateja, akala akashiba. Hofu iliyomwingia baadaye ilitokana na hilo, ile shibe. Mume alipopona na kurudi kazini na vyuma vyake mguuni, mke alisema jambo moja tu: "Nataka redio humu ndani. Nikuite, uitike. Basi."

Kibali cha redio kilichukua miezi mitatu. Mume alikuwa na redio yake ya mkononi. Ya nyumbani, kisanduku kizito chenye kipaza sauti cha kushika, ilitoka kwa mtu aliyefunga biashara yake ya teksi. Betri ya gari ikawekwa chini ya meza ya kukatia nguo. Ikabaki antena, na kwa ajili hiyo akaja shemeji, mdogo wake mume, mchomeleaji wa mageti, na bomba la chuma la mita saba begani.

Kwanza waliifunga antena kwenye ufito, wakazunguka nayo nyumba nzima kutafuta mahali inaposhika. Nyuma, karibu na choo, mume alisikika kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Mbele, upande wa barabara, alisikika hadi pumzi. Ila mbele ndiko ulikopita waya mkubwa wa umeme. Fundi akachukua futi yake ya kushonea akapima, akaandika kwa chaki ukutani.

"Shemeji," alisema, "bomba mita saba. Waya mita tano kutoka hapa. Likianguka?"

"Kwani linaanguka lenyewe? Shemeji nawe, unapima nyumba kama unapima suruali."

"Suruali ikipungua naongeza kitambaa. Wewe nitakuongeza nini?"

Shemeji akacheka mpaka akashika kiuno. Ingempasa fundi akatae palepale. Lakini masikio yake yalikuwa yamekwisha kuionja ile pumzi. "Haya," alisema, na neno hilo hakuwahi kumsingizia mtu mwingine.

Walipandisha Jumamosi, saa tatu asubuhi, jua likiwa jeupe juu ya mabati. Shemeji alikuwa juu ya paa, akilisukuma bomba kwa bega, waya mmoja wa kulikazia akiwa ameshaufunga kwenye boriti. Fundi alikuwa uani, nyuma ya nyumba, akivuta kamba iliyofungwa karibu na kilele, ili mlingoti usiegemee barabarani. Hakuweza kumwona shemeji. Aliona kamba tu, ikipanda ukutani na kupotelea ukingoni mwa bati, na alisikia viatu vikigonga. Alivuta mkono kwa mkono, mpaka ncha ya antena ikachomoza juu ya paa.

"Acha!" shemeji akaita.

Katika karakana ya shemeji neno hilo lina maana moja: simama hapo hapo, shikilia ulivyo. Kwenye cherehani lina maana nyingine. Mmeshika kitambaa wawili, ukimwambia mwenzako acha, anafungua vidole.

Akafungua vidole.

Kamba ikaruka juu kama nyoka aliyekanyagwa. Bati likalia. Kisha, badala ya kishindo alichokisubiri, hakukuwa na kitu, na ukimya huo ndio uliomtoa damu mwilini. Alidaka mkia wa kamba ulipokuwa ukimaliza ukuta. Ukamchuna viganja vyote viwili, asiuachie.

"Shemeji," aliita. "Shemeji, sema."

"Niko," ikaja sauti ndogo, ngeni. "Waya wa kukazia umelidaka. Shibiri moja tu ligonge umeme, shemeji. Nimelikumbatia. Nausikia umeme unavuma."

"Nivute au nilegeze?"

"Vuta. Polepole. Na lile neno usilitaje."

"Wewe ndiye uliyelitaja."

"Vuta, mama. Nakuomba."

Hakuwa amewahi kumwita mama. Alivuta, kamba ikiteleza kwa damu, na kila alipopata kipande akakizungusha kwenye kiuno chake, maana mikono hakuiamini tena. Alivuta mpaka kilele kikapita juu yake na bomba zima likalala chali juu ya bati, upande wa nyuma.

Shemeji alishuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja. Akapewa maji, akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani. "Nusura unifanye taa ya barabarani," alisema.

"Litawekwa huku nyuma," fundi alisema.

"Nyuma hutamsikia vizuri."

"Nitamsikia vibaya," alisema. "Heri nusu shari."

Alasiri bomba lilisimama karibu na choo. Fundi aliketi mbele ya redio, viganja vimefungwa vipande vya bitana, akabonyeza kitufe kwa kifundo cha kidole. Mume akaitika kutoka ndani ya gunia lake. "Mmepandisha salama? Ova."

Akamtazama shemeji. Shemeji akatazama sakafu.

"Salama. Ova," alisema. Baada ya hapo, kwa miaka minne, kila mume alipomwambia yu salama alijiuliza kama naye anadanganya hivyo hivyo.

Masika iliyopita unyevu uliingia kwenye redio ya kilimani. Asubuhi ya kwanza, mkwaruzo mtupu. Ya pili, mkwaruzo. Wateja walibisha, hakufungua. Aliketi na kipaza sauti mapajani, akiita na kungoja, akiita na kungoja, chakula kikipoa bila kuguswa. Asubuhi ya tatu sauti ilitokea, ikauliza kama amelala vizuri.

Hakujibu swali hilo. "Masikio yangu yamechoka kuogopa," alisema. "Nakuja huko. Ova."

"Huku kuna baridi, mke wangu. Na nyani. Ova."

"Nimekusikia. Ova."

Sasa anaishi huko juu, katika nyumba ya walinzi wa msitu, chumba cha pili kutoka ghala la majembe. Cherehani iko kibarazani, na walinzi sita humletea sare zao kushonwa.