Sauti Niliyosema Nimeifuta

Kazi yangu ya muziki ilianza kwa hasira. Muuza santuri mmoja wa Homa Bay alipita dukani kwangu Suna, nilikokuwa nikishona sare za shule na magauni ya kanisani, akaanza kujigamba kwamba amenasa nyimbo za bibi kizee wa Mbita akiwa amejibanza nyuma ya jiko lake. Bibi alikuwa akiwaimbia wajukuu. Sasa sauti yake ilikuwa ikipigwa kwenye vilabu vya pombe ambavyo hajawahi kukanyaga, naye hana habari. Yule bwana alicheka, akadhani nitacheka naye. Nilimtoa dukani na mkasi mkononi. Mwizi wa kuku tunampigia kelele soko zima, na mwizi wa sauti je?

Mwezi haukuisha nikauza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo, nikanunua tepu rekoda ya betri kwa mmishenari aliyekuwa akirudi kwao. Mume wangu alisema nimeingiwa na wazimu, kisha akanibebea mpaka nyumbani maana ilikuwa nzito. Nikaandika masharti yangu kwenye kadibodi, nikaipigilia ukutani. Sinasi mtu kwa siri. Sinasi siku ya Sabato. Nikishanasa, nitaipiga hapo hapo, mbele ya mwenye sauti na watu wake. Asiyetaka, nitafuta akiona kwa macho yake.

Watu walinicheka, halafu wakazoea. Siku za soko niliweka mashine juu ya meza, nyimbo za Sori zikasikika Suna, za Suna zikasikika Mbita, na kila mwimbaji alijua wimbo wake umefika wapi. Mheshimiwa mmoja aliahidi kunipa betri za mwaka mzima kama nitatanguliza jina lake kabla ya kila wimbo. Nilimwambia betri zangu zinanunuliwa na sindano. Tepu zenyewe zilikuwa tatu tu, kwa hiyo kilichofutwa kilipisha kingine. Nikasifiwa kila mahali kwamba mama yule hafichi kitu. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Siku moja ya mvua, soko limetawanyika mapema, mpiga nyatiti wa Sori aliingia dukani kujikinga. Nyatiti ni kinanda chetu cha nyuzi nane, na huyu jaduong', mzee wa heshima zake, alikipiga mpaka ukasahau chungu motoni. Alikuwa na rafiki yake, mvuvi, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Tulikuwa sisi watatu tu. Nikawasha mashine, jaduong' akapiga, na katikati ya wimbo mvuvi akapaza sauti, "Chung'!", yaani simama, kama desturi yetu ya pakruok ilivyo: msikilizaji anausimamisha muziki ili ajisifu, watu wamjibu, wimbo uendelee. Akajisifu kwamba yeye ni wuon yawuoyi adek, baba wa wavulana watatu, na nyavu zake hazirudi tupu.

Nilipoipiga, uso wake ulibadilika. Alisogea mpaka karibu na spika, akaizunguka, akatazama nyuma yake.

"Futa, nyamera," akasema. Nyamera maana yake dada yangu. "Sitaki kujisifu mahali ambapo mimi sipo."

Nilifuta. Nikampigia akasikia kimya kitupu, akashusha pumzi, akacheka. Betri zilikuwa zimechoka siku hiyo, taa ndogo ya mashine ikimulika kwa shida, lakini nani alijali? Kimya kilikuwa kimya.

Miezi michache baadaye mtumbwi wake ulionekana mbele ya Sori, umesimama tuli majini hata hauendi na upepo. Nyavu zilikuwa ndani, zimekunjwa, kavu. Yeye hakuwamo. Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mashamba na mapito ya kale, na wavuvi walisema chini kumejaa miti iliyozama. Walimtafuta mpaka wakakoma.

Mtu akipotea ziwani, watu wetu hawaachi kaburi wazi. Wanalitwaa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mkono, wanalizika badala yake, matanga yanafanyika, na mjane anaruhusiwa kulia. Mkewe alikataa. Alikuwa na mimba kubwa. "Mimi sikuolewa na tunda," aliwaambia shemeji zake. Miezi mitatu baadaye alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza wa kike nyumbani humo. Kila jioni alimfunga mgongoni, akateremka ufukweni, akasimama maji yakimfika magotini na kumwita mumewe kwa jina.

Haya niliyajua kwa kusimuliwa. Nilikwenda Sori kwa sababu jaduong' alikuwa ameezeka nyumba mpya na akaniita ninase. Nilinunua betri mpya Homa Bay. Alasiri ile boma lilijaa, mjane naye alikuwapo, mtoto mgongoni. Kabla ya kuanza niliinua mkono, watu wakanyamaza. Jaduong' akapiga wimbo wa kwanza, akatua kidogo kukaza nyuzi, akapiga wa pili. Hapana mtu aliyesema neno. Naapa mpaka leo, hapana.

Kisha nikaipiga, kama sharti langu lilivyo. Wimbo wa kwanza ukaisha. Pale pa kukaza nyuzi, sauti ikatoka.

"Chung'! Mimi hapa, wuon nyako!"

Baba wa msichana. Na watu, kwa mazoea tu, wakaitikia! Walicheka, wanawake wakapiga vigelegele, kabla hawajajua wanamwitikia nani. Kisha vigelegele vikakatika kimoja kimoja, na nikasikia majani ya paa jipya yakitikisika, ilhali upepo haukuwapo. Wimbo wa pili ukaanza kutoka kwenye mashine, nami nilishindwa kunyoosha mkono kuuzima.

Mjane alisimama. Hakupiga kelele. Aliniuliza mimi, kwa upole ulionitia baridi, "Amejuaje ni msichana?"

Akageuka, akateremka ziwani kabla ya saa yake.

Nilibaki Sori. Ningeendaje? Kesho yake asubuhi wanawake wawili walimtoa kwa nguvu maji yakiwa yamemfika kifuani, kitoto kimelowa hadi shingoni, kinalia. Hakuwakasirikia. Aliwaeleza kama mtu anayeelekeza njia, "Yuko karibu. Amesema yuko hapa. Ni mimi sijafika." Kesho kutwa yake angefika, na kila mtu kijijini alijua hivyo. Shemeji zake walitaka kumfungia nyumbani. Utamfungia mtu siku ngapi?

Mchana huo nilifunga mlango wa jaduong' tukasikiliza tena, mimi na yeye. Fundi mmoja wa redio aliwahi kunionya kwamba betri zikichoka mashine haifuti sawasawa, ya zamani inabaki chini ya mpya, na ukiweka betri zenye nguvu inaweza kuchomoza. Nilimweleza jaduong' hivyo. Nilieleza haraka haraka. Tepu ni ile ile, sauti ni ya ile siku ya mvua, nikasema, ndiyo hiyo tu. Jaduong' alitazama nyuzi zake. Nami nilijua nilichokuwa nakijua. Siku ya mvua mvuvi alijisifu kwa wavulana watatu. Msichana hakuwapo duniani, na hapakuwa na aliyejua atakuja. Tena sauti hii haikuwa hafifu kama kitu kilichofutwa. Ilikuwa karibu. Ungesikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Wallahi niliogopa. Na nilikasirika pia, nikamkasirikia marehemu mwenyewe. Wewe ulisema hutaki kujisifu mahali usipokuwapo, sasa ni nini hiki?

Jioni nilimwomba mjane aje bomani kwanza, kabla ya kwenda majini. Akaja kwa sababu ya ile sauti. Watu wakaja nyuma yake, boma likajaa kuliko siku ya sherehe. Nikasimama kando ya mashine, mimi nisiyeficha kitu.

"Nimewakosea," nikasema. "Mume wa dada yetu aliniomba nifute sauti yake, nikamwambia nimefuta. Sikufuta. Betri zilikuwa mbovu, nikaona uvivu kuhakikisha. Mlichosikia ni maneno ya siku ile, dukani kwangu, kabla hajapotea."

Minong'ono ikazuka. Mzee mmoja akatema mate chini, akauliza, kumbe na wimbo wa mamaye, alioniambia nifute, bado naubeba? Nilistahili. Lakini mjane hakuwa na habari na hayo.

"Nyamera," akasema, "siku hiyo alikuwa na wavulana tu."

Nilimtazama machoni. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi begani kwake.

"Alisema mimba inayokuja itakuwa ya msichana," nikajibu. "Alitamba nayo. Alisema amechoka na wavulana, safari hii ni wuon nyako."

Akamgeukia jaduong'. "Ulikuwapo. Alisema?"

Mzee yule hakuwahi kusema uongo mbele yangu, hata wa kumpendeza mwenye sherehe. Alipangusa magoti yake.

"Alisema," akajibu. "Tena alicheka sana."

Lo! Sitaweza kueleza nafuu iliyoniingia. Maana alivyosema kwa utulivu, nilidhani labda ni mimi niliyesahau. Labda mvuvi alisema kweli nilipokuwa nikihangaika na mashine, labda hapakuwa na jambo lolote la kutisha. Nilitaka kucheka.

Mjane akatikisa kichwa polepole. "Basi ifute, kama alivyotaka," akasema. Nikaifuta kwa betri mpya, watu wote wakitazama, nikaipiga mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na kitu. Tulisikiliza kimya kile mpaka tepu ikaisha, na ilipoisha akaketi chini mavumbini, akamfungua mtoto, akampa mwanamke aliye karibu. Ndipo akapiga nduru. Miezi yote ile ilitoka kwa mkupuo mmoja, na nyumba za jirani zikamwitikia, mpaka Sori yote ikajua mtu amekufa. Kesho yake shemeji zake walileta yago wakalizika kwa heshima zote.

Wengi waliacha kuniimbia baada ya hapo, nami sikuwalaumu. Niliongeza mstari kwenye kadibodi, kwamba mashine yangu inaweza kukosea na mimi pia, nikaendelea na waliobaki. Kuhusu msichana sikuandika chochote.

Siku ya mazishi jaduong' alinisindikiza mpaka njia ya Suna, amenibebea mashine. Tulikwenda, ziwa upande wetu wa kushoto. Nikamwambia ahsante, amenikumbusha, maana mimi nilikuwa nimesahau kabisa kama mvuvi alitaja msichana.

Akasimama. Akaiweka mashine chini, mbali kidogo na miguu yake.

"Nyamera, hakutaja," akasema. "Nilidhani unajua."