Maji ya Mpishi Katika Kipimo cha Mvua

Juzi, kwenye dirisha la ofisi ya shamba la chai huku Kericho, mtunza miche mmoja alikuwa akiomba watu wa kuteka maji mtoni.

"Mzee, mvua ilinyesha," karani alimjibu. "Kipimo cha mvua kilikuwa na maji asubuhi."

Mzee akaweka donge la udongo dirishani, akalisaga kwa kidole, akapuliza. Vumbi likamfikia karani usoni.

"Miche inakufa. Mimi siondoki hapa."

Mpishi wa bwana shamba, aliyekuwa akipita na kuni, akasimama. "Karani, hayo maji ni mimi naweka. Kipimo ikikauka, bwana anaingiwa na wasiwasi, hakuli."

Karani akapangusa uso, akaita watu wa ndoo.

Wapishi wa namna hiyo wako kila ofisi. Wapulizaji vumbi ndio haba.