Siku Niliyompinga Stanslaus Nowak Kanisani

Jamani, hii aibu nilishaizika, lakini kwa kuwa mnacheka hata kabla sijaanza, bora niwasimulie mwenyewe, maana mke wangu huwa anaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa Mwanza na wazungu wa kila aina wanaingia. Pale Mabatini jirani yangu alikuwa Wanda, muuguzi kutoka Poland, binti mpole asiye na ndugu hata mmoja huku, akaniomba nikae nafasi ya baba yake siku ya harusi. Mchumba wake, fundi wa majokofu kiwandani, alikuwa Mpolandi mwenzake, Stanslaus (jina la mjomba wangu wa Muleba, miaka yote nilidhani ni la Kihaya kabisa, kumbe limetoka kwao!).

Basi Jumapili moja padri anasoma matangazo ya ndoa: "Stanslaus Nowak na Wanda Nowak." Kwetu jina la pili ni la baba, kwa hiyo nikaona hawa ni watoto wa Mzee Nowak, tumbo moja, na mimi Mhaya, ambaye kwetu hata watu wa ukoo mmoja hawaoani, ndiye nimkabidhi binti? Ningetulia tu hadi misa iishe, lakini wapi, nikasimama na suti yangu ya mtumba, nikapaza sauti, "Padri, hao ni ndugu! Ndoa hii haifai!"

Wanda akainamisha uso. Padri akavua miwani.

"Mzee Rwegasira, keti. Nowak maana yake mgeni, mtu aliyehamia. Kwao kila kijiji kilikuwa na mgeni wake, naye akaacha watoto. Wanaitwa hivyo watu wengi mno, wala hawajuani."

Kanisa likaangua kicheko. Niliketi natamani ardhi inimeze, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua nimempoteza yule binti. Misa ilipoisha nikachepukia mlango wa pembeni, akanidaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Tafuta mwingine wa kukukabidhi."

"Nimtafute nani?" akasema, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Kanisa zima lilidhani naolewa na kaka yangu, wakanyamaza. Wewe peke yako ulisimama."

Nilimkabidhi, nikalia kuliko bibi harusi. Lakini tangu siku ile, kabla sijasimama mbele za watu, kwanza nauliza jina la mtu limetoka wapi.