Gita la Nyundo na Kelele za Baba

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliitwa Nyundo na wenzake wa bendi, maana ukimpa gita, weee, mtaa mzima unajua leo hana kazi. Walipiga metali, ule muziki wa magita mazito ya kukwaruza. Mwimbaji alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, mpole darasani, ila akishika maikrofoni utadhani kadaiwa roho.

Wimbo wao mpya ulikuwa wa marehemu baba. Mzee yule, kila asubuhi, alikuwa akigonga milango kwa mwiko huku akipiga kelele, "Amkeni! Mmelala kama magunia!" Mama naye alimjibu kutoka jikoni, siku zote maneno yale yale: "Tumeshaamka, bwana! Mwache huyo mdogo alale!" Mdogo mwenyewe ndiye Nyundo. Dada akaziimba kelele za baba kwenye kiitikio ili mama azisikie tena.

Waliporekodi mara ya kwanza, mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kainamisha kwa heshima zote.

"Gita limenguruma vizuri, wanangu," akasema. "Ila huyu dada yako anasema nini?"

Dada aliinuka, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nyundo aliumia kuliko alivyoonyesha.

Jumamosi akarekodi upya chumbani kwake, godoro limesimamishwa kuzuia mwangwi, maikrofoni mbele ya spika ya gita. Akafungulia kitufe cha mkwaruzo wa gita mpaka mwisho. Akaongeza gita la tatu, la nne, na besi juu yake. Kusikiliza, uji mtupu! Dada alichungulia mlangoni.

"Hivi mashine yako ya kuchomelea nayo huwa unaifungulia mpaka mwisho?"

"Thubutu! Nitoboe geti la watu?"

"Haya. Mimi sijasema kitu," dada akasema, akaenda zake.

Nyundo akakitazama kile kitufe cha mkwaruzo. Miaka yote hiyo anapunguza umeme ili chuma kishike, na gita analiunguza mwenyewe! Akashusha mkwaruzo hadi nusu. Sauti za chini kabisa akaziondoa kwenye gita, akamwachia mpiga besi. Maikrofoni akaisogeza kidogo kutoka katikati ya spika. Akafuta yote, akapiga magita mawili tu, moja sikio la kushoto, moja la kulia, nyuzi akizichapa kwa nguvu. Kila gita peke yake lilisikika jembamba mpaka roho ikamuuma, nusura arudishe vitufe alikovitoa. Lakini alipochanganya na besi na ngoma, mambo yakawa mambo! Uzito ule ule, na kila pigo unalihesabu. Katikati sauti ya dada ikapata njia yake.

Jumapili mchana mama alivalishwa vipokea sauti masikioni. Watoto wake wakasimama mbele yake, hakuna aliyethubutu kukaa. Wimbo ukaanza. Mama akafumba macho, kidole kikigonga goti. Kiitikio kilipofika, akapaza sauti kama mtu aliye jikoni:

"Tumeshaamka, bwana! Mwache huyo mdogo alale!"

Kisha akafumbua macho, akaona pale mlangoni hakuna mtu. Dada alikuwa tayari analia na kucheka kwa pamoja. Mdogo mwenyewe, na ndevu zake zote, alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mnanitazama nini?" mama akasema. "Rudisha hapo kwa baba yenu. Sijamaliza kumjibu."