Vijana wa Viti wa Mama Fatu

Katika soko la Likasi hakuna aliyempunja Mama Fatu mara mbili. Alianza na sinia moja la makayabu, samaki wa chumvi wanaonuka kabla hujawaona, akizunguka nalo kichwani. Leo ana banda lake, na wauzaji wa jumla ndio wanaomwamkia yeye kwanza. Ukimtajia bei hanuni wala hacheki. Anakutazama tu, mpaka mwenyewe unaona haya na kuipunguza.

Ndiyo maana wageni hushangaa wakisikia kwamba mwanamke huyo ndiye anayeongoza chama cha kutoa bure. Chama kinaitwa Mikono ya Panda, na Panda ndio mtaa wetu. Mali yake yote ni viti vya plastiki, maturubai, masufuria makubwa na vijana. Ukifiwa pale Panda, au ukioza binti, hukodi kitu. Vijana wanafika na viti vichwani, wanafunga turubai, wanachota maji, wanapika, wanaosha vyombo, wanaondoka. Hawalipwi.

Chama hicho kilizaliwa barabarani. Huku kwetu kila kilio kina vijana wake ambao hakuna aliyewaalika. Wanasikia kuna msiba, wanakuja, wanapanga matairi njiani, wanaimba matusi, na kila apitaye lazima atoe chochote. Siku alipofariki Djibril, mume wa Fatu, dereva wa malori, walifunga njia hivyo hivyo. Jeneza halikuweza kutoka, na Waislamu hawapendi kulaza maiti. Wanaume wa ukoo walikwenda kufoka, wakarudi na matope kwenye kanzu. Ndipo Fatu, mjane aliyepaswa kutulia chumbani, akajifunika na kutoka.

"Mukubwa wenu ni nani?"

"Minye," yaani mimi, akajibu kijana mmoja mwembamba aliyeshika tairi. Jina lake Hénoc, mtoto wa wachimbaji, watu wa kanisa la maombi.

"Mumekula?"

"Hapana, mama."

"Bon. Ninyi muko na nguvu, minye niko na sufuria. Mumubebe huyu mume wangu mpaka makaburini, murudi mukule. Mukikataa, mutabaki na matairi yenu. Na tairi hailiwi."

Wakambeba Djibril. Wakarudi, wakala. Kesho yake Fatu akawaita tena, na hakuwapa mawaidha; aliwapa viti vya kubeba.

Tangu hapo miaka imepita, na barabara za Panda hazijafungwa kwa kilio. Vijana hao ndio wanaozibua mifereji kabla ya mvua. Ndio waliombeba mke wa fundi viatu kwenye mkokoteni, uchungu umemshika, mpaka zahanati, wakiimba ili watu wapishe njia. Hénoc amekuwa mwanaume. Anajua kwamba kaburi la Mwislamu linataka haraka na kilio cha walokole kinataka kuni nyingi, maana wataimba mpaka asubuhi. Wenzake hawaendi popote asipokwenda yeye.

Kwa hiyo Hénoc alipokuja bandani siku chache kabla ya sherehe ya kuwapongeza vijana, akasimama bila kugusa kiti, Fatu alijua kwamba kuna bei inakuja.

"Mama, hatutabeba tena."

"Mumepata kazi?"

"Hapana."

"Munataka feza?"

"Kama tungetaka feza tungeenda Shinkolobwe, tuchimbe kwa wizi kama wengine. Mama, kwenye kilio kule kwa Papa Kitenge tulipika siye, halafu tukapewa ukoko nyuma ya choo. Mutoto wake, hata meno hayajamaliza kuota, akaniambia, 'Weye muntu wa viti, nimwagie maji ya mikono.' Nikamumwagia. Minye!"

Fatu aliacha kupanga samaki. Nyumbani kwa watu, kabla ya bukari, ugali wetu, kuna birika na beseni. Mdogo anamwaga, mkubwa ananawa. Mtoto wa Kitenge alikuwa amemwambia Hénoc mbele ya watu wote kwamba yeye si mtu mzima.

"Jumapili kila mumoja atapata brevet, karatasi ya kumusifu," Fatu alijaribu, "na picha."

"Brevet haina chumvi, mama."

"Sema bei yako."

"Papa Kitenge atumwagie maji. Mbele ya bantu. Kama hapana, viti ni vyako, ubebe na mabinamu zako."

Fatu aliipima bei ile. Kama Hénoc angeondoka, wote wangeondoka, na chama kingebaki rundo la plastiki. Ilikuwa bei ya juu, lakini ya haki, na bei ya haki Fatu habishani nayo. Anaipeleka kwa mtu anayepaswa kuilipa.

Kitenge alikuwa mnunuzi wa mawe ya shaba na shemasi wa kanisa lake. Alimpokea katikati ya magunia, akacheka mpaka akaegemea mizani.

"Mama Fatu, weye uko na wazimu? Minye nimwagie batoto ya barabara maji?"

"Njo maana nimekuja. Ukiwafanya batoto ya barabara, watarudi barabarani. Binti yako Bénie anaolewa kiangazi, si ni kweli? Bakwe wanatoka Lubumbashi."

"Nitakodi viti."

"Kodi, papa. Viti viko vingi. Lakini njia ya kufika kwako ni moja tu, na matairi mabovu ya Panda hayajaisha."

"Unanitisha?"

"Kutisha ni kazi ya muntu asiye na bidhaa. Ninakuambia bei."

Kitenge akaacha kucheka. Yeye pia alikuwa mtu wa soko. "Nitatoa mbuzi."

"Mbuzi hajui kushika birika."

"Nitamutuma mama wa nyumba."

"Mama wa nyumba hakuwapa ukoko. Ukoko ulitoka kwa weye."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishoni Kitenge akakubali kummwagia mmoja tu, Hénoc, kwa haraka, bila hotuba. Fatu akachukua alichopata. Mkono mtupu haulambwi.

Jumapili turubai lilifungwa na wazee wa mtaa, likapinda upande mmoja, na vijana waliokatazwa kuligusa waliumia kulitazama. Waliketi mstari mmoja wamevaa sare ya kitenge kipya, wakiwa hawajui mikono iwekwe wapi. Kila sahani ilipogonga sahani, mmoja wao aliinuka, na wenzake wakamvuta chini. "Kaa, bwana! Leo weye ni mugeni!"

Kitenge akatokea na birika, taulo begani, akitembea kama mtu anayevuka matope na viatu vya harusi. Alipomfikia Hénoc, mwili wa kijana ukainuka wenyewe. Amelelewa hivyo: mzee akishika birika, unampokea. Mkono wake ulishaligusa.

Hilo Fatu hakulipanga. Hénoc angelichukua lile birika, angemwagia Kitenge maji kwa adabu, na kesho viti vingebaki stoo.

"Hénoc," akasema, si kwa sauti kubwa. "Kaa."

Hénoc akaketi. Kitenge akainamisha birika, lakini kijana akarudisha mikono mapajani.

"Aksanti, papa. Lakini minye niko mukubwa wao. Banza na badogo, kule mwisho. Minye nitanawa nyuma yao."

Kitenge akamgeukia Fatu. Mapatano yalikuwa mmoja tu! Fatu akainua macho akatazama turubai lililopinda. Watu wote walikuwa wanatazama, wakwe watarajiwa waliokuja kumtembelea wakiwa miongoni mwao, na shemasi hawezi kurudi nyumbani na birika lililojaa. Akaenda mwisho wa mstari. Akamwaga, akamwaga, birika likajazwa tena, jasho likimtiririka. Alipofika tena kwa Hénoc hakuwa na haraka. Alimmwagia mkono wa kulia, wa kushoto, akampa taulo.

"Muko mingi, ninyi," akanung'unika.

"Kwa kilio chako tulikuwa vilevile, papa."

Kitenge akacheka, safari hii kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa bei kihalali. Fatu aliwaza kwamba kijana yule angefaa kuuza makayabu.

Juma lililofuata mtu alifariki katika kambi ya zamani ya wafanyakazi. Vijana wakafika, na Fatu akasimama mlangoni na birika.

"Viti ni bure, turubai ni bure," akawaambia wenye msiba. "Lakini mukubwa wa nyumba njo atawamwagia hawa vijana maji, yeye mwenyewe, kabla muntu yeyote hajakula."

Kaka wa marehemu, Hilaire, alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Lubumbashi, viatu vinang'aa. "Minye? Mama, minye niko directeur wa kampuni!"

"Hongera. Directeur pia iko na mikono mbili."

"Na nikikataa?"

Fatu akawageukia vijana. "Hénoc, rudisha viti."

Hénoc aliinama, akajitwika tena viti. Wenzake wakageuka nyuma yake, mstari mzima, mpaka kwenye mfereji wa barabara.

"Ngojeni kwanza!" Hilaire alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya koti. "Mama, lete basi hilo birika."