Mwalimu Ramiro na Shairi la Bibi

Msimu wa kahawa kwetu Igamba ulianza na harufu. Baba alimenya kahawa na kuiloweka pipani, na kufikia siku ya pili ilichachuka, ikanukia nusu togwa, nusu matunda yaliyoiva kupita kiasi, hadi sare zetu za shule zikanukia hivyo hivyo. Ndipo alipofika Mwalimu Ramiro, Mmarekani aliyekuja kufundisha sekondari ya jirani, akapewa chumba chetu cha uani. Nilikuwa darasa la sita. Tulitarajia Mzungu, akashuka kwenye pikapu mtu mfupi, maji ya kunde, mwenye nywele nyeusi za kulala, na bibi akauliza kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, kama Mhindi huyo amekuja kufungua duka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumamosi ya kwanza tu Ramiro aliingia shambani akachuma kwa mikono miwili, mbivu tupu, bila kuvunja tawi, akajaza debe kabla ya mama. "Mwalimu, haya umejifunzia wapi?" baba akashangaa. "Nyumbani, mzee. Kwetu ni zabibu na nyanya. Wazazi wangu walikuwa vibarua." Akatueleza kwamba babu zake walitoka Meksiko, kwamba watu wa asili yake kule Marekani hujiita Wachikano, na kwamba yeye ni mtunzi wa mashairi. Alikuwa na kitabu chake chembamba ambamo mstari ulianza kwa Kiingereza ukaishia kwa Kihispania. Alinisomea shairi la mama yake huku akipiga meza kwa vidole. Sikuelewa kitu, lakini alipocheka nilicheka.

Shuleni kwetu aliyeongea Kinyiha alivishwa kibao shingoni, na wiki ile nilikivaa mara mbili. Ramiro aliposikia alisema, "Mimi nilisimamishwa pembeni ya darasa kwa sababu ya Kihispania. Andika ulichokisema." Nilikuwa nimemwigiza bibi anavyoubembeleza mti wa kahawa kwa Kinyiha uachie tunda. Basi nikatunga shairi la bibi kwa Kiswahili, lakini maneno yale nikayaacha kwa Kinyiha, maana kila nilipoyatafsiri yalipoa kama ugali wa jana.

Nilipangiwa kulisoma siku ya wazazi, lakini mwalimu mkuu alilipitia kwanza, akaukata mstari ule wa Kinyiha kwa kalamu nyekundu. "Ya nyumbani yabaki nyumbani," akaniambia. Nikasimama mbele ya watu. Bibi alikuwa kiti cha mbele, anasinzia, kama alivyosinzia kila mwaka kwa kuwa Kiswahili kilimpiga chenga. Nilipofika penye wino mwekundu nikafumba macho, nikausema. Bibi akashtuka. "Sivyo!" akapaza sauti kwa Kinyiha, "umeruka neno!" Akausema mwenyewe, wazee wakaitikia, vigelegele vikapigwa. Ramiro alikuwa akifuta machozi.

Jumatatu niliitwa ofisini. Nilivaa sketi mbili kwa ajili ya viboko. Mwalimu mkuu akafunga mlango, akasema taratibu, "Hebu useme tena mstari ule. Mama yangu kule kijijini Ruanda, si mbali na hapa, aliusema hivyo hivyo, ila mwisho wake ulikuwa mwingine." Kibao hakikuondolewa miaka ile, lakini mimi sikukivaa tena.

Sasa naishi Tunduma, mpakani, ambako muuza nyanya huanza bei kwa Kibemba, akabishana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza, na hakuna anayeona haya. Hata hivyo wanangu, ambao hakuna aliyewakataza chochote, Kinyiha walikuwa wakikielewa ninapowagombeza tu. Mwacha asili ni mtumwa, niliwaambia. Wakaitikia "Ndiyo mama" na kurudi kwenye simu zao. Mwaka huu nikabadili mbinu, nikatangaza kwamba Kinyiha ni marufuku nyumbani mwangu. Jana nimewasikia jikoni wakinong'onezana maneno manne ya Kinyiha, matatu yakiwa ya matusi. Nimejifanya sijasikia.