Mkanda ya Nyaguthii

Tangu niokoke nimedanganya mtu mara moja tu, na huyo mtu alikuwa amekufa miaka tisa. Cheka kama unataka. Hata mimi ningecheka kama ni wewe ungekuwa unanieleza. Lakini niko na kitabu ya mazoezi hapa mbele yangu, iko na kalamu nyekundu ya mwalimu ndani, na tukifika mwisho utajua kwa nini naiweka pamoja na Biblia.

Sisi tunaishi Skuta, hapa Nyeri. Bwanangu, Baba Muthoni, ni fundi wa redio na TV. Nilipoolewa alikuwa amefiwa na bibi wake wa kwanza, anaitwa Nyaguthii. Alinieleza hayo yote kabla twende kanisani, hakunificha. Chenye hakunieleza ni kabati.

Ziko mbili, hapo sitting room, zimejaa sinema mpaka milango haifungi. Na si zile za kupigana. Ni za zamani, nyeusi na nyeupe, za Wajapani, za Waitaliano, za watu wa huko kwenye barafu. Watu wanakaa mezani wanaangaliana, na hakuna mtu anasema kitu mpaka chai yako inapoa. Zingine ni CD lakini nyingi ni mikanda ya kitambo, ile ya kuweka kwa deki. Alizipata kwa mapadri wakirudi kwao, kwa maduka yakifungwa. Anaweza kwenda mpaka Kerugoya kwa sababu ya mkanda moja haina hata kifuniko, na akirudi ameifungia ndani ya koti kama mtoto. Mimi nikitoka hospitali nimezaa Muthoni, alibebwa na leso yangu mwenyewe.

Lakini nielewe vizuri. Wivu yangu haikuwa ya mikanda. Jirani yangu Mama Shiku ndiye alinichoma, na hata hakujua ananichoma. Aliniambia ati zamani kila Jumapili hawa wawili walikuwa wanaangalia pamoja. Nyaguthii hakuwa amesoma, kwa hivyo bwana alikuwa anamsomea yale maandishi ya Kiingereza ya chini kwa Kikuyu, kwa sauti, sauti ya wanaume na ya wanawake. "Mpaka sisi huku nje tunaanua nguo tukicheka," Mama Shiku akasema. "Akifanya sauti ya mwanamke, aki, ungedhani ni nyanya yake."

Mimi hakuwahi kunisomea. Mwaka wa kwanza nilikaa na yeye siku moja, nikamuuliza, huyo mama amesema nini? Akasema, "Ni kitu tu." Kitu tu! Nikaenda jikoni kuchambua mchele, na nikiwa hapo nikaamua nitaingia gumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima. Kanisani niliambia watu nataka kusoma Neno mbele ya kina mama, na ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa nusu. Hiyo nusu ingine, nilitaka kusoma chenye alikuwa anamsomea yeye.

Sasa, juu ya kabati kulikuwa na mkanda moja ndani ya karatasi ya nailoni. Siku moja nikipanguza vumbi niliiinua, na bwanangu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akasema, "Hiyo wacha. Iko mahali aliacha."

Alinieleza mara moja tu. Walikuwa wanaiangalia, Nyaguthii akashikwa na kifua. Akamwambia, simamisha, na usimalize bila mimi. Wakaenda hospitali. Bwanangu alirudi peke yake. Akatoa mkanda kwa deki, akaiweka hapo juu.

Watoto wa siku hizi hawaelewi. Mkanda si kama simu. Mkanda inakaa mahali uliisimamisha. Unaweza kuiacha miaka kumi, na siku ile utairudisha kwa deki itaanza na lile neno lilikuwa linafuata. Kwa hivyo ndani ya nyumba yangu, nyumba ninafagia mimi, kulikuwa na mahali ndogo kama unywele, na huyo mwanamke alikuwa bado amekaa hapo anangoja. Ungekuwa wewe, ungelala?

Mwaka jana mwezi wa saba, mama mkwe alivunjika mguu kule Gakindu, na Baba Muthoni akaenda kukaa na yeye wiki mbili. Siku ya kwanza nilijiambia napanguza vumbi tu. Siku ya pili nikaweka mkanda kwa deki.

Ilianza hapo hapo. Mwanamke amesimama kando ya mto, ako na sanduku ya nguo, anangoja mashua. Nikasimamisha, nikaandika maneno ya chini kwa kitabu, nikaangalia kwa kamusi, nikaendelea. Mwisho ilikuwa imebaki kama nusu saa, na mimi ilinichukua siku nne. Lakini nilielewa. Huyo mama alikuwa ametoka kwake miaka mingi, sasa anarudi, na hajui kama bwana wake bado anamtaka. Mashua inachelewa. Anavuka, anatembea kwa barafu, anafika nyumba ikiwa giza. Anasukuma mlango. Haijafungwa. Bwana amekaa mezani, hata hasimami, anasema tu, "Supu bado ni moto." Mama anavua koti. Imeisha.

Nililia. Halafu nikakasirika kwa sababu nililia, maana nilijua huyo mwanaume ni nani. Nimekula na yeye miaka saba.

Gumbaru tulikuwa tumeambiwa tuandike hadithi kwa Kiingereza, nikapeleka hiyo, kurasa saba. Mwalimu akaniwekea alama nzuri, na mwisho akaandika swali kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini hakufunga mlango?" Sikujibu. Jumamosi nikiwa nyumbani, nikaingiza mkanda kwa deki, nikafinya ya kurudisha nyuma. Deki ikalia kama cherehani ya mtu ako na haraka. Nilisimama hapo mpaka ikafika mwanzo na ikajizima. Nikairudisha kwa nailoni yake, nikaipandisha juu ya kabati. Ile mahali haikuwako tena. Na niliosha vyombo nikiimba wimbo wa kusifu, hebu fikiria.

Jioni hiyo hiyo, ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu, ukungu imeshuka mpaka huoni ua. Muthoni alikuwa kwa Mama Shiku. Nikasikia hodi. Ni mwanamke wa rika yangu, sweta ya kijani, kitambaa kwa kichwa. Nikadhani ni mtu ameleta redio. Nikamwambia fundi hayuko, ameenda Gakindu.

"Najua," akasema. "Ni wewe nilikuja kuona."

Akaingia. Hakukaa kwa kochi kama mgeni. Alienda kwa kile kiti ya chini karibu na ukuta, ile hakuna mtu hukalia kwa sababu mguu moja imelegea, na akakaa akiegemea upande ile nzuri ndio isiyumbe. Nani alimwonyesha? Nikampa chai, akashika kikombe na mikono miwili. Unajua baridi ya Nyeri mwezi wa saba: mimi nikiongea, mvuke inatoka mdomoni. Yeye akiongea, hakuna.

Aliangalia deki muda mrefu.

"Nilikuwa nimefika kwa mto," akasema. "Nimengoja hiyo mashua sana. Leo nikajipata nimerudishwa mwanzo kabisa, kwa harusi, na sijui kama niko na nguvu ya kutembea hiyo njia yote tena."

Hapo ndio nilimjua. Picha yake iko kwa kile kitabu kidogo cha mazishi, bwanangu huiweka na vyeti vya shamba. Ni hiyo sweta.

"Sikuja kugombana, muiru wangu," akasema. Hivyo ndivyo bibi wawili wa mtu mmoja huitana kwa Kikuyu. "Kama umeona mwisho, niambie tu. Iliisha aje?"

Ningemkemea kwa jina la Yesu. Ningepiga nduru. Niamini, uoga ilikuja baadaye, usiku, ikaninyima usingizi. Hapo, chenye kilikuja kwanza ni wivu. Niliangalia hiyo mikono, nikafikiria bwanangu akifanya sauti ya nyanya, na mtu akicheka, na mtu si mimi.

Nikasema, "Alifika akapata mlango imefungwa. Kulikuwa na mwanamke mwingine ndani. Huyo mwanamke alikuja kwa dirisha akafunga pazia."

"Na bwana?"

"Alikuwa amekaa. Hakusimama."

Akaweka kikombe chini polepole.

"Sawa. Ni vizuri mtu ajue," akasema. "Asante kwa chai. Na hii mguu ya kiti, mwambie ni msumari moja tu."

Akatoka, akafunga mlango pole pole kama mtu hataki kuamsha mtoto. Nilipofika kwa dirisha kulikuwa na ukungu peke yake. Chai ilikuwa bado imejaa, na ilikuwa baridi kama maji ya mto, na nilikuwa nimeitoa kwa moto sasa hivi.

Baba Muthoni aliporudi hakuvua hata viatu. Mkanda iko na kile kidirisha, ukiangalia unaona utepe yote imejikunja upande wa kushoto. Fundi hawezi kosa kuona hiyo.

"Nani alirudisha?"

Nikasema ni mimi. Nikangoja. Hakunigombanisha. Alikaa akiangalia hiyo mkanda, halafu akasema, "Basi wacha tumalize." Na akagonga kochi na mkono, hapo kando yake.

Miaka saba nilingoja hiyo mkono igonge hiyo kochi. Na alinisomea. Kwa sauti ya chini, bila mchezo, lakini alinisomea, kuanzia harusi. Tulipofika kwa mto, pale walikuwa wamesimamisha, akaendelea. Mashua. Barafu. Nyumba. Mimi tayari nilikuwa nangoja supu.

Mama akasukuma mlango. Imefungwa. Akagonga. Taa ikawaka, na kwa dirisha mkono ikatokea ikafunga pazia. Imeisha.

"Kumbe iliisha hivyo," bwanangu akasema. "Afadhali hakuona."

Nilikuwa naangalia hiyo mkono. Kwa kidole gumba kulikuwa na alama ya kuungua, umbo ya haragwe. Mimi niliungua na jiko mwaka ule nilikuwa na mimba ya Muthoni. Ukija kwangu nitakuonyesha. Ni hiyo.

Nilienda nikaleta kitabu, nikamweleza yote, mpaka chai. Alisoma kurasa saba, akasoma na swali ya mwalimu. Siku ya tatu akaenda Kerugoya kwa mzee mwingine ambaye pia hukusanya sinema, akarudi na CD ya hiyo hiyo. Mlango imefungwa. Yule mzee alimwambia ati ameiona mara nyingi tangu ujana wake na haijawahi kuisha vingine. Basi nikaenda kwa mwalimu wangu, nikamuuliza kama anakumbuka hadithi yangu. "Ile ya mlango wazi?" akasema. "Hata nilikuuliza swali na hukunijibu." Kwa hivyo, katika dunia hii yote, supu iko moto mahali pamoja tu, kwa kitabu yangu ya mazoezi.

Pasta aliniambia niombe, na naomba. Lakini pia nafanya hivi. Tangu mwezi wa saba uingie mwaka huu, ikifika saa kumi na moja na nusu hatuweki komeo kwa mlango, hata baridi iwe aje. Nasogeza kile kiti, siku hizi iko na msumari. Nachukua kitabu, nasoma kurasa zote saba kwa sauti, nikigeuza kwa Kikuyu, mwanaume kwa sauti yake na mama kwa sauti yake. Sijasikia hodi. Sijui kama ameenda akiamini maneno yangu, ama ako mahali kwa ile barafu bado anatembea.

Wewe mama unayesoma hii, na umeolewa mahali palikuwa na mwenyewe, nisikize. Panguza vumbi, fagia, pika. Lakini ukikuta kitu mtu aliacha katikati, usiirudishe nyuma. Na akikuja kukuuliza iliisha aje, mwambie ukweli, hata kama ukweli utakunyima kiti, kwa sababu utakachomwambia ndicho kitabaki.

Mimi nilipata chenye nilikuwa nataka. Kila jioni Baba Muthoni anaacha kazi, anakuja anakaa karibu na mimi, ananisikiza nikisoma mpaka mwisho. Lakini haniangalii mimi. Anaangalia mlango.